"Baba, wewe ndiye yule mkata miti?" Jibu kwa mzazi anayeuza makaa

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kayole, Nairobi, na nauza makaa kwa mkebe na kwa gunia. Binti yangu yuko Gredi ya 4. Muhula huu walisomewa darasani hadithi ya mtu aliyekata miti yote mpaka nchi ikawa jangwa. Aliporudi nyumbani akaniuliza, "Baba, wewe ndiye yule mkata miti?" Nilikosa la kusema. Tangu siku hiyo hataki kuja kibandani, na usiku anauliza kama miti na maji vitaisha kabla hajawa mkubwa. Hadithi hizi zinafundisha au zinatisha? Nimkataze kuzisoma? Na je, zipo za kwetu ambazo zitamfundisha bila kumfanya amwonee baba yake haya?

Jibu: Ndugu yangu, sijambo, na pole kwa uzito huo. La kumkataza ulitoe kabisa moyoni. Mtoto aliyesikia hadithi shuleni, akatembea nayo hadi nyumbani, akaipima na maisha anayoyaona kwa macho yake, huyo anasoma kweli. Wenzake wengi walijibu maswali ya ufahamu wakafunga vitabu. Binti yako hana kosa, na wewe pia huna kosa unalodhani unalo. Tatizo ni kwamba alipewa hadithi inayomtwika mtu mmoja mwenye shoka lawama za nchi nzima, kisha hakuna aliyekaa naye kuizungumza.

Nimefundisha watoto wa rika lake, na baadaye nikahariri vitabu vya watoto vya Kiswahili kwa muda mrefu. Miswada ya mazingira hunifikia kwa wingi kuliko mingine yote, na mingi ina sura ileile. Kuna kijiji chenye rutuba. Anatokea mtu mwenye tamaa, ambaye mara nyingi hata jina lake limeshamhukumu. Anafyeka msitu, mvua inakoma, ng'ombe wanakufa, mzee wa kijiji anahutubu, watoto wanapanda miche, na katika ukurasa wa mwisho mvua inanyesha. Msomaji anatoka na mambo mawili: kwamba misitu humalizwa na watu wabaya, na kwamba mche ukishapandwa kila kitu kimerudi. Yote mawili ni uongo. Huo wa kwanza ndio uliokuangukia wewe.

Wazee wetu waliliona jambo hili kwa usahihi zaidi. Walisema bandu bandu huisha gogo, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika methali hizo hakuna jambazi. Kuna mtu anayebandua kipande kwa sababu leo ana haja nacho, na kesho anakuja mwingine mwenye haja kama hiyo. Kila mmoja amechukua kidogo, na kila mmoja ana sababu ambayo ungeikubali ukimsikiliza. Kulieleza hilo kwa mtoto ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Hadithi hupenda tukio kubwa na mhalifu anayeonekana, ilhali maliasili hupungua bila tukio. Mto hushuka kidogo kila kiangazi. Kuni zilizookotwa nyuma ya nyumba sasa zinafuatwa ng'ambo ya kilima, na msichana aliyezaliwa mwaka huo anadhani kuni zimekuwa mbali siku zote. Mwandishi ninayemheshimu ni yule anayeweza kumwonyesha msomaji wake upungufu ungali mdogo, wakati bado kuna la kuamua.

Sasa nikueleze kuhusu kitabu kimoja, kwa sababu nashuku kwamba hadithi aliyosomewa binti yako imechota humo, na kwa sababu wewe si mzazi wa kwanza kuumizwa nacho. Ni The Lorax cha Mmarekani Dr. Seuss, kilichotoka 1971. Mfanyabiashara aitwaye Once-ler anafika katika nchi ya miti yenye vishungi laini kama hariri. Anakata mmoja, anafuma vazi, linapata mnunuzi. Anawaita shangazi, wajomba na binamu zake waje kufanya kazi, kiwanda kinakua, na anaunda mashine ya kuangusha miti minne kwa pigo moja. Kiumbe mfupi mwenye masharubu, Lorax mwenyewe, anasimama kuitetea miti na hasikilizwi. Wanyama wanakosa matunda na kuhama, ndege wanashindwa kuimba kwa moshi, samaki wanaukimbia uchafu wa maji. Siku mti wa mwisho unapoanguka, jamaa wote wanapanda magari na kuondoka. Miaka mingi baadaye Once-ler, mzee aliyebaki peke yake, anamsimulia kijana mmoja yote haya na kumwachia mbegu ya mwisho.

Wakenya wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa hapa kwetu. Seuss, ambaye jina lake halisi ni Theodor Geisel, alikuwa amekwama kabisa na hadithi hiyo. Mwaka 1970 yeye na mkewe wakasafiri Kenya na kukaa katika hoteli ya Mount Kenya Safari Club, upande wa Nanyuki. Siku moja aliona kundi la tembo likipita kwa mbali, akanyakua karatasi iliyokuwa karibu, orodha ya nguo za dobi, na alasiri hiyohiyo akaandika karibu hadithi nzima. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Nature Ecology & Evolution kwamba huenda Lorax alitokana na tumbili wa aina ya patas, mwekundu mwenye masharubu, anayeishi nyika za Laikipia. Tumbili huyo hutegemea sana mgunga mfupi wenye vinundu kwenye miiba, ule ambao upepo ukipita kwenye vinundu hivyo hupiga mluzi. Hula utomvu wake.

Sikiliza hapa sasa, kwa maana panakuhusu. Mgunga huohuo wa Laikipia hukatwa na kuchomwa makaa. Tena ni mti ambao ukikatwa na kisiki kikaachwa salama huchipua upya, na baada ya miaka kadhaa huweza kuvunwa tena. Watafiti wameuchunguza Laikipia kwa ajili hiyo hasa: kuona unaweza kutoa makaa kwa zamu bila kumalizika. Kwa hiyo mti ambao huenda ulizaa hadithi mashuhuri kuliko zote duniani kuhusu kumaliza miti ni mti ambao watu wanaweza kuutumia wasiumalize, wakiupa muda. Jambo la kumfundisha mtoto ni mwendo. Kisiki kinahitaji miaka mingapi, na sisi tunarudi na panga baada ya mingapi? Kama tunarudi kabla hakijapona, hapo ndipo gogo linapokwisha, hata kama kila aliyekuja alikuwa mtu mwema mwenye watoto wa kulisha.

Nimesema si wewe wa kwanza. Mwaka 1989, katika mji mdogo wa Laytonville huko California uliokuwa ukiishi kwa mbao, baadhi ya wazazi walitaka The Lorax kiondolewe kwenye orodha ya vitabu vya lazima vya darasa la pili. Walisema kinawafanya watoto waone kazi ya baba zao kuwa uovu. Miaka michache baadaye watengenezaji wa sakafu za mbao wakadhamini kitabu chao cha kujibu, ambamo mkata miti ndiye mwenye busara na mtetezi wa miti ndiye mwenye fujo. Mimi sikubaliani na kukiondoa kitabu, na kile cha kujibu ni tangazo la biashara lililovishwa picha. Lakini uchungu wa wazazi wale naufahamu, na sidhani ulikuwa wa kipuuzi. Mtoto akisoma kwamba mwenye shoka ni adui, na jioni baba anaingia nyumbani na shoka begani, amfanyeje?

Hata hivyo Seuss mwenyewe alikuwa na hekima kuliko wengi waliomwiga. Msimulizi wa hadithi yake ni Once-ler, yule aliyeharibu, na anasimulia akijuta. Uso wake hauonekani popote kitabuni. Tunaona mikono yake tu. Mikono hiyo inaweza kuwa ya yeyote. Binti yako alipokuuliza kama wewe ndiye, alikuwa ameuliza swali ambalo hadithi nzuri ya aina hii hutaka kila msomaji ajiulize, ila alimuuliza mtu mmoja tu. Inabaki kuwauliza wengine. Nani alinunua yale mavazi? Walikuwa wengi, na kitabu hakimtaji hata mmoja kwa jina. Nani anapikia makaa yako? Mama wa chapati pale stendi, shule yenye jiko la uji, wapangaji ambao bei ya gesi imewashinda, na pengine mwalimu aliyewasomea hadithi hiyo. Sisemi hivi ili lawama ipotee hewani. Mtoto anayejua kwamba gunia moja limeshikwa na mikono mingi anaelewa msitu unavyokwisha vizuri kuliko anayejua jina la mhalifu.

Udhaifu ninaouona katika kitabu hicho ni nchi yake yenyewe. Kabla ya Once-ler kufika, hakuna mtu anayeishi humo. Hakuna bibi anayeokota kuni wala mrina asali anayeujua kila mti wenye mzinga. Misitu yetu haiko hivyo. Ndiyo maana siridhiki kumwachia mtoto wa Nairobi kitabu hicho peke yake.

Umeuliza kama zipo hadithi za kwetu. Ipo moja ambayo huenda ulisimuliwa na nyanya yako, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa somo hili ingawa haina hata mti mmoja: hadithi ya Sungura na kisima. Ukame umeingia, mito imekauka. Wanyama wanakutana na kuamua kuchimba kisima kwa pamoja, kila mmoja na zamu yake. Sungura anakataa, anasema umande wa asubuhi unamtosha. Maji yanapopatikana anakuja kwa siri, anakunywa, anajaza kibuyu, kisha anaoga humo na kuyachafua. Wanyama wanaweka walinzi, na mmoja baada ya mwingine wanadanganywa, mpaka Kobe anapojipaka ulimbo gambani, akajizamisha, na Sungura akanasa. Kila jamii ina namna yake ya kuimalizia.

Angalia yaliyomo humo. Kuna kitu cha wote kinachoweza kuisha, kuna kazi ya kukipata na kanuni ya kukitumia. Kuna anayekwepa kazi na kutaka faida, na kuna ulinzi unaofeli mara kadhaa kabla ya kufaulu. Mwaka 2009 Elinor Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuonyesha kwamba watu wanaotegemea malisho, maji au msitu mmoja wanaweza kuvitunza kwa kanuni walizojiwekea na kusimamiana wenyewe, bila kungoja kila kitu kitoke serikalini au kigawiwe watu binafsi. Wanyama wa kisimani wamekuwa wakiwaeleza watoto jambo hilo kwa vizazi. Simulia usiku, taa ikiwa imezimwa, kisha uliza: kama ungekuwa Simba, ungeweka kanuni gani? Sungura akiomba msamaha, apewe maji? Utashangaa watoto wanavyobishana. Na watakaponyamaza, uliza kisima cha watu wa Kayole kiko wapi.

Jibu la swali hilo ni la kweli na linafaa kujulikana na kila mtoto wa jiji hili. Maji mengi ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, linalojazwa na mito inayotoka misitu ya Nyandarua. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Mvua zikikosekana kwenye misitu hiyo, mgao wa maji huja, na mtungi wa lita 20 hupanda bei mtaani kwenu. Mtoto anayebeba mtungi kupanda ngazi ana haki ya kujua kwamba mtungi ule ulianzia msituni.

Hadithi ya pili ni ya kweli kabisa, ya utoto wa Wangari Maathai. Alizaliwa 1940 Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo mmoja, mti wa jamii ya mkuyu, uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na Wangari mdogo alikuwa akienda kuteka maji na kucheza na mayai ya vyura yaliyong'aa kama shanga. Kila alipojaribu kuyavaa shingoni yalimponyoka. Baadaye, akiwa msomi mtu mzima, alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Alieleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyokuja kuelewa kwamba mizizi mirefu ya mti ule ilihusika na maji yale, na kwamba katazo la mama yake lilikuwa limebeba maarifa. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, harakati ya wanawake wa vijijini kupanda miti, na 2004 alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika hotuba yake ya Oslo alikizungumzia tena kile kijito na viluwiluwi vyake mbele ya dunia nzima.

Hadithi hiyo naipenda kwa sababu ina kila kiungo ambacho miswada mingi huruka: mti, mizizi, maji, mtoto anayeteka maji, mtu aliyeona mti unamzibia nafasi ya kulima, na miaka iliyopita kati ya kukata na kukauka. Haina jitu. Na haimalizii kwa mvua ya ghafla. Inamalizia kwa kazi ya miaka. Vipo vitabu kadhaa vya picha kuhusu maisha yake, lakini vingi vimeandikwa na Wamarekani kwa Kiingereza. Inaniuma kwamba mtoto wa Nyeri au wa Kayole amjue Wangari kupitia kalamu ya mgeni, na nimewaambia waandishi wetu hivyo kila nilipopata nafasi. Mpaka hapo, msimulie mwenyewe. Ukipata nauli, mpeleke msitu wa Karura. Januari 1999 Wangari na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miti kupinga kugawiwa kwa ardhi ya msitu huo. Leo watoto wanaendesha baiskeli humo. Hofu yake ya usiku inahitaji kuona kwa macho kitu kilichokuwa kinaelekea kuisha na kikazuiwa.

Wangari alipenda pia kusimulia ngano aliyoipokea kutoka nchi za nje, ya kindege kidogo kinachochota maji tone kwa tone kuzima moto wa msitu huku wanyama wakubwa wakitazama. Walimu wetu huitumia sana. Nina sharti moja kwa anayeisimulia: asimsahau tembo. Wangari mwenyewe alimtaja, amesimama na mkonga mrefu unaoweza kuleta maji mengi kuliko kindege, na hafanyi kitu. Watoto wakifundishwa tone lao tu, wanakua wakidhani kuokoa mito ni wajibu wa mwenye ndoo ndogo. Waulize tembo ni nani. Wa umri wa binti yako hujibu bila kusita, na majibu yao yanafaa kusikika bungeni.

Kuhusu hofu. Mwalimu mmoja wa Marekani, David Sobel, alishauri miaka ya 1990 kwamba mtoto asipewe misiba ya mazingira kabla ya darasa la nne. Kwanza apewe nafasi ya kupenda konokono, mto na mti alio nao karibu. Nusu ya ushauri huo naishikilia sana. Mtoto hawezi kulinda asichokipenda, na mtoto aliyejazwa habari za dunia kuungua kabla hajawahi kuotesha hata maharagwe kwenye kopo huishia kuziba masikio. Nusu ya pili haiwezekani kwetu. Binti yako hajajifunza uhaba kitabuni. Ameuona kwenye bomba linalotoa hewa, na moshi wa dampo la Dandora hauko mbali na mtaa wenu. Dampo hilo lilifunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na bado linapokea taka. Ukimficha, atajua unamficha. Anachohitaji ni mtu mzima anayemwambia ukweli kwa kipimo chake na anayeonekana akifanya kitu.

Na wewe una nafasi ambayo mimi na walimu wake hatuna, kwa sababu una makaa. Mwite kibandani siku ambayo hakuna wateja wengi, na mfanye hesabu pamoja. Gredi ya 4 wanajua kuzidisha. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo 1 hadi 2 za makaa. Gunia la kilo 50 basi limekula kilo 250 hadi 500 za kuni. Mwache aandike kwa mkono wake. Atashtuka, na usiharakishe kumtuliza. Kisha mpe upande wa pili wa hesabu. Tanuri bora, likisimamiwa na mtu anayeijua kazi, linaweza kutoa hadi kilo 3 kwa zile 10. Jiko la udongo ndani na bati nje, lililobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa thuluthi moja au zaidi ukililinganisha na jiko la bati tupu. Wateja wako wangapi bado wana la bati? Unaweza kuwaonyesha tofauti, na unaweza kuanza kuuza majiko hayo pamoja na briketi za vumbi la makaa ambalo sasa hivi unalifagia.

Muulize pia anayekuletea mzigo ameutoa wapi na ni mti gani. Kama ni mathenge wa Baringo, binti yako atapata somo ambalo vitabu vingi havina. Mti huo uliletwa huko miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukaenea hadi kufunga malisho na njia, na maganda yake yenye sukari huwaharibu mbuzi meno. Huko kuuvuna kwa makaa ni msaada. Kama ni migunga ya zamani kutoka mahali ambapo hakuna kibali wala mpango wa kuotesha, atajua pia, na wewe utakuwa na uamuzi mbele yako. Najua uamuzi huo una bei, na kodi ya nyumba haingoji. Sikuambii ufunge kibanda kesho. Nakuambia usimfiche kwamba unalifikiria, maana hilo ndilo jibu la lile swali lake: baba anauza makaa, anajua yanakotoka, na anatafuta namna ya kuuza yaliyo salama zaidi.

Zungumza na mwalimu wake vilevile, kwa heshima, bila kumlaumu. Mwombe siku watakaporudia somo hilo awaulize wanafunzi nani alinunua mbao, nani alipikia kuni, na nani alipaswa kuweka kanuni. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifanye kazi kufikia miti kwenye angalau asilimia 10 ya nchi; watoto wanaweza kujua hilo pia, ili wasidhani kila kitu kinamngoja mwenye kibanda.

Vitabu visikutishe kwa bei. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara ziko upande wenu wa jiji na zina vitabu vya watoto. Kwenye simu, African Storybook ina hadithi nyingi za picha za bure, zikiwemo za Kiswahili, na zinaweza kuchapishwa. Soma wewe kwanza, na chagua ile ambayo mkosaji ana sababu na jirani zake wana sauti.

Na akishamaliza ile hesabu ya gunia, mpe daftari aandike safari ya gunia hilo kutoka kisiki hadi jiko la mteja, kila mtu aliyeligusa akiwa na kauli yake, na baba yake akiwamo. Akikwama katikati, mnitumie. Nitaisoma kwa makini ninayoisoma miswada ya waandishi wakubwa, na nitamjibu yeye mwenyewe.